Magari ya kushushwa Mtwara: Raba ndogo, gharama kubwa

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

GARI dogo lililoshushwa si kioja tena katika miji ya Tanzania. Kuanzia Dar es Salaam hadi Mtwara, wapo vijana wenye Toyota Altezza, Mark II, Verossa na mengine ya aina hiyo ambao huyapunguza kimo magari yao, huyavisha ringi pana na tairi nyembamba, kisha huyapitisha mitaani kwa madaha. Baadhi ya watu huona ni urembo, wengine huona ni ulimbukeni. Mabishano ya namna hiyo hayana mwisho, na si lengo la uchambuzi huu kuyamaliza.

Lengo letu ni kutazama jambo dogo zaidi, ambalo wenye magari wengi hawalijui na mafundi wengi hulipuuza. Ni kipande cha raba kisichozidi ukubwa wa ngumi, ambacho hukaa kwenye shokapu. Kipande hicho huchangia sana kuamua kama gari lililoshushwa litabaki chombo cha usafiri, au litageuka hatari kwa aliyemo na kwa anayekutana nalo njiani.

Na katika mkoa kama Mtwara, suala hili haliwahusu wapenda madaha peke yao. Linamhusu pia mkazi wa Ziwani, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, anayepanda gari dogo la abiria kwenda mjini akiwa amebanana na wenzake, huku nyuma kumepakiwa magunia. Gari hilo halikushushwa na mtu yeyote kwa makusudi. Limeshushwa na mzigo na umri. Lakini kilicho chini yake kinaumia kwa namna ile ile.

Kazi ya raba hiyo

Gari hubebwa na springi. Gurudumu linapokutana na shimo au tuta, springi hubonyea kisha hurudi, na shokapu hutuliza mrudio huo ili gari lisiendelee kurukaruka. Lakini springi haiwezi kubonyea bila kikomo. Ikifika mwisho wake, chuma hukutana na chuma: pistoni hugonga ndani ya shokapu, au mkono wa gurudumu hugonga fremu.

Ili kuzuia hilo, watengenezaji huweka kipande cha raba, au cha povu gumu lenye asili ya plastiki, kwenye rodi ya shokapu. Mara nyingi kina umbo la koni na mikunjo kama ya kiwavi. Kwa ajili ya makala haya tutakiita raba ya kikomo. Gari linapobonyea sana, raba hii hupokea uzito uliobaki. Ncha yake nyembamba hubonyea kwanza, kwa ulaini, kisha sehemu pana huzidi kuwa ngumu kadiri uzito unavyoongezeka. Kwa maneno mengine, si kizuizi tu. Ni springi ya pili, inayofanya kazi pale ya kwanza inapochoka.

Wazee waliosafiri kusini kwa Land Rover 109 wanaweza kuikumbuka raba hiyo katika sura yake ya zamani: donge jeusi lililofungwa kwenye chesisi, juu ya ekseli, ambalo mtu aliweza kuliona kwa kuinama tu. Katika magari madogo ya siku hizi raba imefichwa ndani ya kifuniko cha vumbi. Kisichoonekana husahaulika, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Hesabu ya milimita

Tuchukue mfano mmoja rahisi wa gari ambalo shokapu zake zimesimama karibu wima. Tuseme gari likiwa limesimama, rodi ya shokapu iliyo wazi ina urefu wa milimita 90, na raba ya kikomo ina urefu wa milimita 60. Hapo inabaki nafasi ya milimita 30 ambayo gurudumu linaweza kupanda kwa uhuru kabla raba haijaguswa.

Sasa mwenye gari anafunga springi fupi zinazolishusha gari kwa milimita 40, bila kugusa kitu kingine. Rodi iliyo wazi inabaki milimita 50, lakini raba bado ina milimita 60. Maana yake ni kwamba gari limekwisha kukaa juu ya raba kabla halijaondoka kwenye maegesho. Springi mpya aliyoinunua kwa fedha nyingi haifanyi kazi yake ipasavyo, kwa kuwa sehemu ya uzito wa gari inabebwa na kipande kilichokusudiwa kuguswa mara chache.

Matokeo yake hayamalizikii kwenye mtikisiko mgongoni. Gari likikata kona kwa kasi, uzito huhamia upande wa nje. Raba ya upande huo ikibanwa ghafla, ugumu wa upande huo hupanda mara moja na tairi huweza kuachia barabara. Ikitokea mbele, gari hukataa kukata kona na kuendelea mbele hata usukani ukizungushwa. Ikitokea nyuma, mkia huteleza nje. Dereva ambaye gari lake lilikuwa likimtii vizuri kwenye kasi ya kawaida hugundua tofauti hiyo wakati ambao hana tena nafasi ya kujirekebisha.

Kwenye breki hali si nzuri zaidi. Gurudumu lisilo na nafasi ya kupanda hurukaruka juu ya makorogesho ya barabara badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani, hata kwa sehemu ya sekunde, halisaidii kusimamisha gari.

Njia za mkato

Anayebaini kwamba gari lake limekuwa gumu mno hurudi gerejini, na huko hukutana na njia tatu za mkato.

Ya kwanza ni kuiondoa raba kabisa. Gari huonekana kulainika na mwenye gari huondoka akiwa amefurahi. Kumbe kilichoondolewa ni kinga. Siku gari litakapoingia kwenye shimo likiwa na watu watano, hakuna kitakachozuia chuma kugonga chuma. Kuanzia hapo shokapu huanza kuvuja mafuta, vishikizo vyake vya juu hulegea, na katika magari yaliyochakaa kwa kutu, bati la mnara wa shokapu huweza kupasuka.

Ya pili ni kukata springi kwa msumeno, au kuipasha moto hadi ilale. Springi iliyopashwa moto hupoteza ugumu wake wa asili na huendelea kulala siku hadi siku. Iliyokatwa huwa fupi kiasi kwamba gurudumu likining'inia, kwa mfano gari linapopigwa jeki au linaporuka tuta, springi huweza kutoka katika kikalio chake. Ikirudi vibaya, gari huinama upande mmoja, na pengine springi hukwaruza tairi.

Ya tatu ni kubahatisha, yaani fundi huikata raba bila kupima, tena upande usiofaa. Kwa kawaida kinachopaswa kubaki ni ncha laini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopokea uzito polepole. Ikikatwa ncha na kuachwa sehemu ngumu, gari hugonga kikomo kama linavyogonga ukuta.

Njia sahihi inajulikana na si ya ajabu. Watengenezaji wa springi fupi wanaoaminika hueleza katika maelekezo yao raba ikatwe kiasi gani, au huuza raba fupi pamoja na springi. Katika mfano wetu, raba ikifupishwa kwa milimita 30 itabaki na 30, na gari litapata milimita 20 za uhuru. Lakini raba fupi ina maana ya kinga fupi. Ndiyo sababu springi fupi iliyotengenezwa kitaalamu huwa ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, na ndiyo sababu suluhisho bora zaidi ni kufunga shokapu ambazo zenyewe ni fupi, zilizoundwa kwa kimo hicho.

Fundi makini hataishia hapo. Atatoa springi, atapandisha gurudumu taratibu kwa jeki hadi raba ibanwe, kisha ataangalia kama tairi halijagusa madga na kama mipira ya breki haijabanwa popote. Mwisho atafunga uzi au kipande chembamba cha plastiki kwenye rodi ya shokapu, gari liendeshwe likiwa na abiria, kisha atazame uzi umesukumwa hadi wapi. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta wala mashine ya kisasa. Kinahitaji subira tu.

Umri ambao hauonekani

Hata kwa mtu ambaye hajawahi kufikiria kushusha gari, kuna hesabu nyingine. Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Mark II ilisimama kutengenezwa 2004, na Verossa mwaka huo huo. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitoka kati ya 2002 na 2007. Magari hayo, ambayo yamejaa barabarani kwetu, yote yamekwisha kukaribia au kupita miaka 20.

Povu linalotengenezewa raba za kikomo halidumu kiasi hicho. Joto na unyevu hulivunja polepole, likaanza kumeguka kama mkate mkavu. Pwani ya kusini ina vyote viwili kwa wingi, na juu yake kuna chumvi ya bahari na mchanga unaokwaruza rodi kifuniko cha vumbi kinapochanika. Fundi akifungua shokapu ya gari la umri huo, si ajabu akakuta unga tu mahali ambapo raba ilikuwa. Mwenye gari hakuiondoa na wala hakujua imekwisha.

Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa kuagiza magari ya abiria kama walivyofanya majirani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya 2018. Hapa kwetu gari kuukuu hutozwa kodi zaidi, lakini huingia. Sera hiyo imewawezesha wananchi wengi wa kipato cha kati kumiliki usafiri, na si haki kuibeza. Hata hivyo ina deni lake: nchi inayopokea magari ya zamani inalazimika kuwa na utamaduni imara wa kubadilisha vipuri vinavyooza kwa umri, na si vile tu vinavyopiga kelele.

Mzigo na barabara

Kusini kumebadilika mno katika miongo miwili iliyopita. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003. Kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga, kilichowatesa wasafiri kwa miaka mingi, nacho kikaja kuwekwa lami. Ndipo gari dogo la saluni likaweza kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara bila dereva kujiuliza atalala wapi. Gesi ya Mnazi Bay, kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza 2015 na bandari ya Mtwara vimeongeza watu, fedha na malori.

Lakini lami ya barabara kuu haijafika kila mahali. Barabara nyingi za upande wa Ziwani na vijiji vinavyoelekea mlango wa Ruvuma ni za changarawe, udongo na mchanga. Hata lami yenyewe si ya kuaminiwa nyakati zote. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Somanga na kwingineko, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Na katika msimu wa korosho, ambao mnada wake kwa kawaida huanza Oktoba, gari dogo la kijijini hugeuka kuwa la mizigo.

Hapo ndipo gari la abiria wa Ziwani linapokutana na Altezza ya mjini. Noah au Probox iliyobeba watu na magunia kupita uwezo wake huketi chini kama gari lililofungwa springi fupi. Nafasi ya gurudumu kupanda imekwisha, raba inabeba uzito muda wote wa safari, na kama raba ilikwisha kumeguka, basi kila shimo ni nyundo. Tofauti ni kwamba kijana wa mjini alichagua. Abiria wa kijijini hakuulizwa.

Jambo jingine ni matuta. Tuta la duara linalotumika katika nchi nyingi, ambalo kipimo chake kilitokana na utafiti wa Uingereza wa miaka ya 1970, lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 100. Saluni nyingi za Kijapani hutoka kiwandani zikiwa na uwazi wa takriban milimita 130 hadi 160 kati ya ardhi na tumbo la gari. Ukiondoa 40, uwazi unaobaki ni kati ya 90 na 120. Tuta lililojengwa kwa kipimo, lenye mteremko wa taratibu, hupitika kwa uangalifu. Lakini tuta fupi lenye mgongo wa ghafla, la aina ambayo hujengwa baada ya ajali ili kutuliza hasira za wananchi, hupasua sampu na kung'oa eksozi hata kwa gari ambalo halijaguswa na fundi yeyote. Linapotokea giza bila alama wala rangi, huwa chanzo cha ajali badala ya kuwa kinga.

Nani awajibike?

Ni rahisi kuwatupia lawama vijana na kutaka magari yao yakamatwe. Rahisi, lakini si dawa. Gari lililoshushwa kitaalamu, lenye shokapu fupi, raba ya kipimo sahihi na dereva anayejua mipaka yake, huweza kuwa salama kwenye lami kuliko gari la kimo cha kawaida ambalo raba zake ziligeuka unga miaka mitano iliyopita. Kupima usalama kwa kutazama kimo cha bampa ni kumhukumu mtu kwa nguo zake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, na Kikosi cha Usalama Barabarani kimekuwa kikikagua magari na kutoa stika, hasa kuelekea Wiki ya Nenda kwa Usalama. Taa, breki, tairi na mikanda hutazamwa, na ni sawa. Kinachohitajika ni kuongeza dakika mbili: kubonyeza kila pembe ya gari na kuona linavyorudi, na kuinama kwa tochi kuangalia kama shokapu inavuja na kama raba ipo. Kwa magari madogo yanayobeba abiria vijijini, ukaguzi huo ungepaswa kuwa sharti, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ina nafasi ya kulisimamia.

TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa barabara za wilaya, nazo zina wajibu wa kuhakikisha kwamba tuta ni tuta kwa kipimo, lenye alama na rangi. Mwananchi hawezi kuambiwa atunze gari lake kwa milimita ikiwa barabara yenyewe imejengwa kwa kukadiria.

Chuo cha VETA cha hapa Mtwara kimefundisha mafundi magari kwa miaka mingi. Lakini sehemu kubwa ya mafundi wa mitaani walijifunza kwa kushika spana wakiwa wasaidizi, na walirithi ujuzi pamoja na makosa ya waliowafundisha. Kozi fupi za jioni au za mwisho wa wiki kuhusu mifumo ya springi na shokapu zingewafaa zaidi kuliko operesheni kumi za kukamata magari.

Wauza vipuri nao wasijiweke kando. Mara nyingi shokapu mpya huuzwa bila raba ya kikomo wala kifuniko cha vumbi. Mteja hulipa, hufungiwa, na fundi hurudisha raba ya zamani iliyochakaa au huacha patupu. Muuzaji akitoa kauli moja tu, kwamba shokapu hii ina raba yake na raba inauzwa hapa, atakuwa amemwokolea mteja shokapu ambayo ingekufa kabla ya wakati wake.

Zaidi ya yote, mwenye gari mwenyewe ajifunze kuuliza. Kabla hajalipa fundi wa kushusha gari, aulize raba itakatwa kiasi gani na kwa nini. Kabla hajanunua gari la miaka 20, amwombe fundi afungue kifuniko cha vumbi amwonyeshe kilichomo. Na mwenye gari la abiria la kwenda vijijini aelewe kwamba idadi ya viti haikuwekwa na mtengenezaji ili kumpunguzia kipato.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, taarifa ya ajali ikiandikwa, mara nyingi sababu hutajwa kuwa mwendo kasi au uzembe wa dereva. Mara nyingi ni kweli. Lakini kama hakuna anayeinama kutazama chini ya gari baada ya ajali, hatutajua ni mara ngapi dereva aliyeshindwa kukata kona alikuwa akiendesha gari lililokuwa limekwisha kukalia raba yake, au lisilokuwa na raba kabisa.